Kidole na Kumbukumbu: Safari ya Neno "Ũla" katika Ukambani

Mbuzi walikuwa wametawanyika kwenye mteremko, ng'ambo ya mto mkavu, nje kidogo ya Ikutha, kusini mwa Kitui. Nilikuwa na miaka minane au tisa, nimeletwa kijijini kwa likizo ya Agosti, na Kikamba changu kilikuwa cha kuokoteza. Nikamwona mbuzi mmoja amepanda juu ya mwamba. Nikamnyooshea kidole, nikamwambia bibi yangu: mbũi ĩla.

Bibi, ambaye sote tulimwita susu, aliacha kusokota uzi wa kyondo mapajani mwake. Hakutazama mwamba. Alinitazama mimi, akauliza ni mbuzi gani huyo, kwani tulikuwa tumezungumzia mbuzi? Nikarudia, kidole kingali hewani. Ndipo akageuka, akamwona, akanirekebisha bila kunisuta. Huyo unayemwona pale ni mbũi ĩya. Mbũi ĩla ni yule tunayemjua mimi na wewe, hata kama leo hayupo machoni: yule aliyezaa pacha, yule aliyeuzwa ili mjomba wako alipiwe karo.

Nilidhani nimefundishwa neno moja. Ilinichukua miaka mingi, nikiwa tayari mwalimu wa Kiswahili upande wa pili wa mto Athi, katika Makueni, kutambua kwamba susu alinifungulia mlango wa jambo ambalo wataalamu wamekuwa wakilihangaikia tangu karne ya 19: namna lugha zinavyochukua sentensi nzima na kuifunga kwenye jina la mtu au kitu, ili tusiseme tu "mtu" bali "mtu aliyekuja", si "mbuzi" tu bali "mbuzi tuliyemuuza". Katika vitabu vya shule tunaliita jambo hilo urejeshi. Kila lugha ya Kibantu inalo. Lakini ndugu wa tumbo moja wanaweza kulifanya kwa njia tofauti kabisa, na tofauti hizo zina historia.

Historia hiyo, kwa upande wa maandishi, inaanza na mlima.

Mwishoni mwa mwaka 1849 mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, alitoka Rabai karibu na Mombasa akafuata njia ya misafara ya Wakamba hadi Kitui. Mwenyeji wake alikuwa Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu, mtu ambaye misafara yake ilijulikana hadi pwani. Kivoi alimweleza mgeni wake habari za mlima mkubwa wenye weupe kileleni. Tarehe 3 Desemba 1849, mawingu yalipofunguka, Krapf aliuona mwenyewe. Jina alilolisikia aliliandika Kegnia. Ulaya hawakumwamini kwa urahisi kuhusu theluji chini ya jua la ikweta, kama ambavyo hawakumwamini mwenzake Rebmann aliyeiona Kilimanjaro mwaka 1848. Lakini jina lilikaa, na baadaye likawa jina la nchi nzima.

Wapo wanaolifafanua kwa njia nyingine, ila mimi nashikamana na maelezo ambayo wengi wa Ukambani na Ugikuyu huyatoa, kwa sababu sauti zenyewe zinayaunga mkono. Wagikuyu huuita mlima huo Kĩrĩnyaga. Kata neno hilo: kĩ-rĩ-nyaga. Hiyo -rĩ- ni kitenzi cha kuwa, ndugu wa -li- tunayoisema katika "kilicho" na "walio". Nyaga ni ule weupe unaong'aa, na wengine huuhusisha na manyoya ya mbuni, meusi na meupe kama mwamba na theluji. Kĩrĩnyaga basi ni "kile kilicho na nyaga". Sasa pita na neno hilo kuelekea mashariki, uingie Kitui. Kikamba hudondosha r mbele ya ĩ: mlima kwa Kigikuyu ni kĩrĩma, kwa Kikamba ni kĩĩma. Hudondosha pia g katikati ya irabu: shamba kwa Kigikuyu ni mũgũnda, kwa Kikamba ni mũũnda. Ukiyafanya yote mawili kwa Kĩrĩnyaga unabaki na Kĩĩnyaa, na nyaa ndilo neno la Kikamba la mbuni. Mjerumani mwenye sikio la pwani akaandika alivyoweza.

Ikiwa ufafanuzi huo ni sahihi, basi jina la Kenya ni kishazi rejeshi kidogo, kilichosagika sauti hadi kikasahaulika kuwa ni sentensi. Na kishazi hicho hakina neno lolote la kukiunganisha na mlima: hakina -cho-, hakina amba-, hakina ũla. Ni kiambishi na kitenzi tu. Tutakirudia, kwa maana njia hiyo ya kale bado inaishi.

Krapf hakuwa amekuja Kitui bila maandalizi. Pwani alikuwa amekaa na Wakamba wafanyabiashara waliokuwa wamejenga nyuma ya Mombasa, na alikuwa ameanza kuandika maneno yao. Mwaka 1850 kazi zake zilichapwa: sarufi ya Kiswahili, msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, Kikamba kikiwa miongoni mwa hizo, na Injili ya Marko kwa Kikamba. Hebu tufikirie: mnamo 1850 Kikamba kilikuwa na kitabu kilichopigwa chapa, miaka 70 kabla ya Agano Jipya la lugha hiyo. Ni fahari ambayo watu wa Kitui hawaitaji vya kutosha.

Safari yake ya pili, 1851, iliishia vibaya. Kivoi aliuawa karibu na mto Tana mwezi Agosti, msafara uliposhambuliwa na majambazi, na Krapf akabaki kutangatanga porini peke yake kwa kiu na njaa kabla ya kupata njia ya kurudi. Ndoto ya kituo cha misheni Ukambani ilifia hapo kwa kizazi kizima. Lugha ikaendelea kusemwa bila mtu wa kuiandika, kama ilivyokuwa kabla yake.

Waliofuata walikuja kwa makundi mawili, na kila kundi lilishika ukingo wake wa Athi. Wajerumani Walutheri wa misheni ya Leipzig walikaa upande wa Kitui, Ikutha tangu mwanzo wa miaka ya 1890, kisha Mulango karibu na mji wa Kitui. Wamarekani wa Africa Inland Mission, wakiongozwa na Peter Cameron Scott, walifika Nzaui, katika Makueni ya leo, mnamo Desemba 1895. Scott alifariki mwaka uliofuata, Desemba 1896, kwa homa. Mlima Nzaui, jabali lile linaloonekana kutoka mbali sana ukija kwa njia ya Emali, ndio uliowaona wakianza kujifunza salamu za Kikamba. Kwa miaka ishirini hivi, basi, Kikamba cha Kitui kilipita katika masikio ya Kijerumani na Kikamba cha upande wa Machakos na Makueni kikapita katika masikio ya Kiingereza. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, Wajerumani waliondolewa, na Mulango ikaingia mikononi mwa Wamarekani.

Vitabu vilikuwa vimeanza kutoka hata kabla ya hapo. J. T. Last alichapisha sarufi fupi ya Kikamba mwaka 1885. Hildegarde Hinde alitoa msamiati wa Kikamba na Kigikuyu mwaka 1904, na kuziweka lugha mbili pamoja hivyo kulimwezesha msomaji kuona udugu wao kwa jicho moja. Ernst Brutzer wa misheni ya Leipzig alitoa mwongozo wake wa Kikamba kwa Kijerumani mwaka 1906. Kisha akaja Msweden Gerhard Lindblom, aliyeishi Ukambani mwaka 1911 na 1912. Lindblom hakuwa mmisionari. Alikuja kusikiliza tu: hadithi, vitendawili, mazungumzo ya kuni na maji. Kitabu chake kikubwa juu ya Wakamba kilitoka Uppsala mwaka 1916, na maelezo yake ya sarufi ya Kikamba mwaka 1926. Kabla ya hivyo alikuwa amekwisha kuchapisha, mwaka 1914, muhtasari wa sarufi ya Kitharaka, lugha ya majirani ng'ambo ya Tana. Namheshimu kwa hilo la Kitharaka hasa. Mtu aliyewasikia majirani ndiye anayejua ni lipi la nyumba hii na ni lipi la ukoo mzima.

Ukoo wenyewe, baadaye, Malcolm Guthrie aliupa herufi na namba katika uainishaji wake wa lugha za Kibantu: E51 Kigikuyu, E52 Kiembu, E53 Kimeru, E54 Kitharaka, E55 Kikamba, E56 Kidhaiso. Huyo wa mwisho ndiye anayeshangaza. Wadhaiso wako Tanzania, chini ya milima ya Usambara katika mkoa wa Tanga, mbali kabisa na ndugu zao, na Derek Nurse ameandika jinsi lugha yao ilivyobadilika kwa kuzungukwa na Kiswahili na lugha nyingine za eneo lile. Kumbe basi ukoo huu una mtoto aliyeolewa mbali.

Sasa tuketi na lugha zenyewe. Nitachukua kitenzi kimoja ambacho Kigikuyu na Kikamba wanakisema sawa, -enda, yaani kutaka au kupenda, ili tofauti zote zitokane na urejeshi peke yake.

Mtu anayetaka. Mgikuyu husema mũndũ ũrĩa ũkwenda. Mkamba husema mũndũ ũla ũkwenda. Watu wanaotaka ni andũ arĩa mekwenda kwa huyu, na andũ ala mekwenda kwa yule. Kitu ninachotaka ni kĩndũ kĩrĩa ngwenda, na kĩndũ kĩla ngwenda. Ukisikiliza haraka utasema ni lugha moja yenye lafudhi mbili, kwamba -rĩa ya magharibi imelainika ikawa -la mashariki.

Sivyo. Na hapa ndipo mbuzi wa susu anaporudi.

Angalia jinsi sauti za lugha hizi zinavyolingana. Kula kwa Kigikuyu ni kũrĩa, kwa Kikamba ni kũya. Kwa hiyo -rĩa ya Kigikuyu inapovuka kuja Ukambani hugeuka kuwa -ya, wala haigeuki kuwa -la. Kukaa, kwa upande mwingine, ni gũikara kwa Kigikuyu na kwĩkala kwa Kikamba. Hapo r mbele ya a inalingana na l. Maana yake ni kwamba ndugu halisi wa ũrĩa ya Kigikuyu ni ũya ya Kikamba, neno la kidole, neno la mbuzi aliye juu ya mwamba. Ũla ni neno jingine.

Kigikuyu kilichukua kionyeshi chake cha mbali kikakifanyia kazi mbili. Ũrĩa huonyesha, na ũrĩa huyo huyo huunganisha sentensi na jina. Msemaji hutofautisha kwa kurefusha irabu anapoonyesha kitu kilicho mbali machoni. Kikamba kiligawa kazi. Ũya, aya, kĩya, vaya vikabaki kwa ajili ya macho na kidole. Ũla, ala, kĩla, vala vikapewa kile ambacho kidole hakiwezi kukifikia: mtu tunayemjua sote wawili, jambo lililokwisha kutajwa, mahali ambapo hata tukifumba macho tunapaona. Na ni jambo la akili kabisa kwamba neno la aina hiyo ndilo lililopewa kazi ya urejeshi. Ninaposema "mtu aliyekuja", simnyooshei mtu yeyote kidole. Naitafuta kumbukumbu yako, nakuomba umtafute humo ndani kwa alama ninayokupa: alikuja.

Kiswahili nacho kilifanya uchaguzi wake. Sisi tuna vionyeshi vitatu: huyu, huyo, yule. Kigikuyu na Kikamba wameshika ukoo wa "yule". Kiswahili kilimshika "huyo". Ile -o iliyo katika hicho, hizo, hapo, ndiyo hiyo hiyo inayoingia ndani ya kitenzi: ninachotaka, tulizonunua, alipokaa. Wanasarufi wa zamani waliita -o hiyo -o ya urejeshi kwa sababu nzuri: "hicho" ni kile ambacho msikilizaji tayari anakijua. Lugha za jamii moja, basi, zote zilitafuta njia ya kusema "unakijua", na kila moja ilifungua droo tofauti ya kabati lile lile.

Kisha kuna mambo yaliyo ndani ya kitenzi, na haya mgeni huyakosa hata akiwa amekaa miaka kumi.

Kwanza, katika sentensi huru Mgikuyu husema mũndũ nĩekwenda, Mkamba husema mũndũ nũkwenda: mtu anataka. Kile kijineno cha mbele, nĩ, kinachotia uzito wa kuthibitisha, hutoweka mara tu sentensi inapofungwa ndani ya kirejeshi. Huwezi kuthibitisha kile ambacho tayari umekichukulia kuwa kinajulikana. Pili, katika kirejeshi cha namna hii kiambishi cha mtu mmoja ni ũ-: ũkwenda, na si e- ya nĩekwenda. Tatu, ukanushi hubadilika. Hataki ni ndekwenda, kwa Kigikuyu na kwa Kikamba. Lakini asiyetaka ni ũrĩa ũtekwenda na ũla ũtekwenda. Ile nd- inaondoka na -te- inaingia katikati. Mswahili atatabasamu hapa, maana ana jambo lilo hilo mdomoni mwake kila siku: hataki, lakini asiyetaka. Ha- inaondoka, -si- inaingia. Lugha hizi zimetengana kwa karne nyingi, na bado zinakumbuka kwamba "hapana" ya sentensi huru si "hapana" ya sentensi iliyofungwa.

Nne, na hili nalipenda kuliko yote, Mkamba anaweza kuacha ũla kabisa. Mũndũ ũla ũtekwenda ni mtu fulani, unamjua, ambaye hataki. Mũndũ ũtekwenda ni mtu yeyote asiyetaka, awaye yote. Kishazi hicho kisicho na kiungo ndicho kile kile cha Kĩrĩnyaga, kiambishi na kitenzi peke yake. Nikimsikia mzee wa Mutomo akisema kitu barazani juu ya mtu asiyesikia la mkuu, bila ũla, najua hamsemi jirani yake. Akiitia ũla, natazama chini, kwa maana sote tunajua anamsema nani.

Kuna pia toni. Wilfred Whiteley, aliyefanya kazi kubwa ya Kiswahili, aliandika pamoja na M. G. Muli kitabu cha kujifunzia Kikamba kilichotoka London mwaka 1962, na walichukua tahadhari kubwa ya kuandika kupanda na kushuka kwa sauti. Wataalamu waliofuata wamebainisha ngazi nne za toni katika Kikamba, za chini kabisa na za juu kabisa zikiwemo. Toni hizo hufanya kazi katika kitenzi, na mwenendo wake katika kirejeshi si lazima uwe ule wa sentensi huru. Maandishi yetu ya kawaida hayaonyeshi chochote cha hayo. Tunaandika herufi, sauti tunaiachia kumbukumbu.

Maandishi hayo yenyewe yalitoka kanisani. Agano Jipya la Kikamba lilikamilika mwaka 1920, Biblia nzima mwaka 1956, na Kikamba chake kilijengwa zaidi juu ya lahaja ya Masaku, ile ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi ilipokatwa kuwa wilaya peke yake mwaka 1992. Watu wa Kitui, wenye lahaja zao za kusini na kaskazini, na wale wa Mumoni, walijifunza kusoma kwa sauti za ng'ambo ya mto. Susu wangu wa Ikutha alisoma Zaburi kwa Kimasaku na akagombana na mbuzi kwa Kikitui, na hakuona ugumu wowote katika hilo. Lakini ũla alikuwa ndani ya vitabu vile katika kila ukurasa, na nadhani hilo ndilo lililomfanya awe thabiti sana juu yake. Neno ambalo mtu hulisikia kila Jumapili halimponyoki.

Nilipopangiwa kufundisha Makueni, katika shule ambayo sitaitaja, nilirithi kalamu nyekundu na desturi yake. Wanafunzi wa kidato cha kwanza waliandika: Mtu yule alikuja jana ni mjomba wangu. Kitabu kile nilinunua kimepotea. Nami nikapiga mstari, nikaandika pembeni: aliyekuja, nilichonunua. Siku moja nilimkata msichana mmoja alama sita katika insha moja kwa kosa hilo hilo. Alikuja mezani, hakulia, aliniuliza tu: Mwalimu, yule si ndiye huyo huyo? Sikuwa na jibu. Nilimwambia hivyo ndivyo kanuni ilivyo. Hadi leo naona aibu ya jibu lile.

Maana msichana yule hakukosea ovyo. Alikuwa akiandika ũla. Alichukua kiungo cha nyumbani kwao kinachosimama peke yake mbele ya kitenzi kizima, akatafuta cha kufanana nacho katika Kiswahili, akampata yule, ambaye ni wa ukoo wa vionyeshi vya mbali kama ũla mwenyewe. Wenzake wa Nairobi na miji mingine wamefuata njia ya pili: mtu mwenye alikuja, kitu yenye nilinunua. Hiyo -enye imeota karibu kila mahali Kenya bara, sokoni, ndani ya matatu, hata redioni, na nadhani sababu ni ile ile. Mtu ambaye lugha yake ya kwanza huweka kiungo kabla ya kitenzi huona shida kukitumbukiza katikati, kati ya wakati na mzizi: a-li-ye-kuja, ni-li-cho-nunua. Isitoshe, Kiswahili sanifu hakiruhusu mchezo huo kwa kila wakati. Tunasema aliyekuja, anayekuja, atakayekuja, lakini kwa amekuja tunalazimika kukimbilia ambaye. Ũla haina vizuizi hivyo. Inapokea wakati wowote unaoletewa.

Ndiyo maana pia mwandishi wa bara hupenda amba-. Vitabu vya kale vya pwani viliitumia kwa uchache kuliko tunavyoitumia sasa. Leo gazeti la Kenya halipiti aya mbili bila ambaye, ambacho, ambapo. Wapo wanaolalamika kwamba amba- inafanya Kiswahili kuwa kizito, na masikio yangu ya mwalimu yanakubaliana nao mara nyingi. Hata hivyo, amba- ina umbo lile lile la ũla na ũrĩa: neno linalosimama peke yake, linalobeba upatanisho wa jina, na kukiacha kitenzi kizima nyuma yake. Mkamba anayeandika "mtu ambaye anataka" amefika nyumbani kwa mlango wa Kiswahili. Kinachompotea njiani ni ule ukanushi wake mzuri: anaandika "ambaye hataki", ilhali lugha zake zote mbili zimempa "ũla ũtekwenda" na "asiyetaka".

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakamba 4,663,910, na wengi wao wako Kitui, Makueni na Machakos. Kikamba kina wataalamu wake wenyewe sasa. Profesa Angelina Nduku Kioko ameandika kitabu kizima juu ya sarufi ya Kikamba, kilichotoka mwaka 2005, akiitazama lugha hiyo kwa nadharia zilezile zinazotumiwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Katiba ya 2010 inaiagiza serikali kukuza lugha zote za Kenya, na mtaala mpya unataka mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Lakini mwalimu wa Kiswahili wa sekondari katika Makueni bado hapewi popote jedwali dogo la kumwonyesha "yule alikuja" imetoka wapi. Huachiwa kalamu nyekundu.

Nilibadilisha desturi yangu kabla sijaacha kufundisha. Nilichora safu tatu ubaoni: Kikamba, Kiswahili cha insha, na Kiswahili tunachosema uwanjani. Mũndũ ũla ũkwenda. Mtu anayetaka. Mtu mwenye anataka. Darasa lilichangamka kuliko nilivyotarajia. Mvulana aliyezaliwa Kitui akabishana na wa Mbooni juu ya matamshi hadi nikawanyamazisha. Sikumkata mtu alama siku hiyo.

Mwishoni mwa kipindi, mwanafunzi mmoja ambaye mama yake ni wa Murang'a aliomba chaki. Kando ya ũla akaandika ũrĩa, akasema ndivyo wanavyosema kwao kwa mama. Akarudi nyuma akayatazama yote mawili, kisha akauliza kwa nini herufi hazilingani. Nikamwambia aandike neno la kula kwa Kigikuyu na kwa Kikamba. Akaandika kũrĩa, akaandika kũya. Alisimama kimya kidogo, kisha akafuta ũla iliyokuwa karibu na ũrĩa kwa kiganja cha mkono, na mahali pake akaandika ũya. Ũla akaiandika upya peke yake, pembeni kabisa ya ubao, akaichorea duara.